Siku Kalibu Yangu Ilipopakuliwa Kaimati

Jamani, kuna aibu ya mtu kujikwaa njiani akainuka akajipangusa akaenda zake, na kuna hii niliyoipata mimi, ambayo hata leo mtu akitaja kaimati mbele yangu masikio yanapata moto, na kama si kwamba nyinyi ni watu wangu nisingefungua kinywa. Lakini haya, sogeeni, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa.

Kazi yangu mwaijua. Nashona viti vya pikipiki hapa Mtongwe, kwenye kibanda alichoniachia marehemu baba, ubavuni mwa pale wanapoegesha vijana wa boda. Baba maisha yake yote alishona kwa reksini, akivuta na kupigilia, kiti kimekwisha, mteja ameondoka. Mie nikajitia ujuzi, nikasema nataka ngozi ya kweli, ile nene ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, kwa sababu ngozi ile ukiilowesha hulegea kama chapati mbichi, ukiilaza juu ya kitu ukaikandamiza ikakaukia hapohapo, basi inashika umbo la kitu kile na haliachi tena. Kitu chenyewe cha kulazia ndiyo kalibu. Nilichonga kalibu ya mbao, ikapasuka. Nikamimina ya saruji, ikawa nzito hata nikitaka kuihamisha lazima niite watu kama nahamisha jeneza.

Ndipo akaingia Achieng. Achieng ni rafiki yangu, mtu wa bara, anakaa Changamwe upande wa Airport, fundi wa simu na kompyuta, na nyumbani kwake, juu ya meza ya kulia chakula, ana mashine ya kuchapisha vitu, yaani inayeyusha uzi wa plastiki ikiumwaga tabaka juu ya tabaka, nawe umekaa unakunywa chai, mpaka kitu kinasimama chenyewe. Alishanichapishia vidogovidogo: muhuri wa ua la asumini wa kugongea pembeni mwa ngozi, na kichanuo cha kupimia matundu ya uzi ili mshono usiende upogo. Vyote vilifanya kazi vizuri mno. Nikapata tamaa.

Na tamaa yangu ilikuwa na jina, ikiitwa Hamadi. Huyu alikuwa mmoja wa vijana wa boda pale pale kibandani kwangu, mpole, anasalimia wakubwa kwa adabu zake, na kila jioni akishuka kwenye pikipiki alishika kiuno. "Riziki," aliniambia siku moja, "kiti hiki kitanizeesha kabla ya siku zangu." Nikamwambia nitamtengenezea kiti cha ngozi chenye mabonde mawili, akae mtu atulie kama yuko nyumbani kwao. (Ndiyo, nilikuwa nampenda, msinitazame hivyo. Naye alikuwa ameshatuma maneno kwa shangazi yangu, na shangazi alikuwa ameshamjua mamake Hamadi tangu usichana wao, kwa hiyo mambo yalikuwa yakienda kimyakimya jinsi yanavyotakiwa kwenda.)

Sasa, kalibu ya kiti inataka umbo la mtu aliyekaa. Mie mtoto wa kike, mtoto wa watu, nimwite kijana gani wa boda nimwambie, "Hebu njoo ukae hapa nikupime"? Si ingekuwa hadithi ya Likoni nzima kabla ya adhuhuri? (Kumbe nilikuwa nakimbia moshi naingia motoni, lakini ningejuaje.) Nikaamua kujipima mwenyewe. Nikachukua karai la waashi, nikajaza mchanga wa pwani uliolowa, nikautandika nailoni, nikavaa suruali ya jinzi ya kaka yangu, nikafunga mlango wa uani, nikakaa. Nikainuka taratibu kama mtu aliyekalia mayai. Umbo likatokea safi kabisa, halina hata ufa. Nikalipiga picha kwa simu pande zote nikamtumia Achieng, maana kompyuta yake huzikusanya picha za namna hiyo ikazifanya kitu kizima.

Alinipigia akicheka hata hawezi kupumua.

"Riziki! Aki wewe! Haya ni matako?"

(Watu wa bara neno lile kwao ni la kawaida, hulitamka hata mezani. Huku kwetu ukilisema mbele ya mama unazabwa kibao. Sisi twasema makalio, tena kwa sauti ya chini.)

"Ni kipimo," nikamwambia.

"Sawa, kipimo. Manze, kipimo kimeshiba."

Alikichapisha vipande vipande kwa sababu mashine yake ni ndogo, akaviunga kwa gundi, akavipiga msasa mpaka vikang'aa, na nilipokwenda kuvichukua nilikuta nusu mbili nyeupe pee. Nusu ya chini ni bonde: mashimo mawili ya duara yaliyoshikana, yenye ukingo mzuri umezunguka. Nusu ya juu ndiyo inayoingia ndani kuikandamiza ngozi, na hiyo, jamani, haikuwa na siri. Ukiiweka kifudifudi inakutazama.

"Nimekuandikia na majina, usije ukachanganya," Achieng akasema, akageuza nusu ya chini. Huko chini, kwa herufi kubwa zilizochimbwa ndani ya plastiki, pameandikwa: MATAKO RIZIKI CHINI.

"Achieng! Futa!"

"Haifutiki, imechapishwa. Na kwani nani ataangalia chini?"

Nikakubali. Hata nikacheka. Akanionya neno moja tu, kwamba plastiki ile haipendi joto, nisije nikatumia maji ya moto ikalegea, nikamwambia nimesikia. Nikatia kila kitu katika mfuko mkubwa, nikampigia Hamadi aje anichukue.

Na hapa ndipo palipoharibika, msitafute pengine. Hamadi alifika, akanisaidia mfuko, akaupima mkononi, akauliza kwa nia njema kabisa, "Mbona mwepesi na mkubwa hivi? Umebeba nini?"

Ningesema kalibu. Ningesema vifaa vya kazi. Ulimi wangu ukatafuta njia ya mkato ukasema, "Vyombo."

"Vyombo vya nyumbani?"

"Ee. Vyombo tu."

Akatabasamu. Mie nikaona nimeponyoka. Sikujua kwamba kijana aliyetuma maneno ya posa, akisikia binti ananunua vyombo vya nyumbani, huyasikia maneno yale kwa masikio mengine. Akaenda akamwambia mamake. Mamake, Bi Saumu, akampigia shangazi yangu Kisauni: mkwe wangu mtarajiwa nasikia anakusanya vyombo, mashallah, mtoto ana akili. Shangazi Mwanatumu naye akaipokea sifa ile akaiweka kifuani bila kuniuliza, kwa sababu shangazi yangu hajawahi kuuliza jambo ambalo anaweza kulijua mwenyewe.

Wiki ile nikaipiga kazi. Nilikata ngozi, nikailowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ikaacha kutoa mapovu, nikailaza juu ya bonde, nikaishusha nusu ya juu, nikakaza kwa skurubu pande zote, nikaiacha mpaka ikakauka. Nilipoifungua, wallahi nilipiga kigelegele peke yangu kibandani. Ngozi ilikuwa imesimama na mabonde yake mawili, imara, bila kunyanzi hata moja, na pembeni ua langu la asumini limekaa. Nikaifunika kwa gazeti ningoje kuishona. Lakini kalibu ilikuwa imeshika madoa ya maji ya ngozi na harufu yake (ile harufu ya duka la viatu), na kibandani hakuna mfereji. Basi Jumamosi jioni nikaichukua nyumbani, nikaiosha kwa sabuni, nikaisuuza, nikaiacha ikauke juu ya uchaga wa vyombo uani, pamoja na sufuria.

Na Jumapili ndiyo siku waliyokuwa wanakuja wageni.

Haikuwa posa yenyewe bado, ilikuwa ni kuja kutazamana. Bi Saumu angekuja na shemeji yake, Mzee Kassim, ami yake Hamadi, kwa sababu mzee yule alimjua marehemu baba na ndiye mwenye kauli katika ukoo wao. Akisema ndiyo, basi ndiyo. Hamadi mwenyewe, kwa ada, angebaki kwao. Shangazi alifika asubuhi kutoka Kisauni na leso zake mbili na amri zake mia, akamweka mama kwenye karai la mafuta akaange kaimati, akaniambia mie nikaoge, nijifukize, nijifungie chumbani, nisitoke mpaka niitwe.

Nikaoga. Nikajifukiza. Nikajitia wanja. Nikasikia hodi, nikasikia karibu, nikasikia salamu ndefu za kuulizana hali mpaka za mbuzi, huku nikijiambia, Riziki, tazama chini, sema shikamoo, usijibu zaidi ya unachoulizwa.

"Riziki!" shangazi akaita kwa ile sauti yake ya wageni, tamu kama si yake.

"Abee, shangazi!"

"Njoo mwanangu uwaamkie wazee wako."

Nikatoka na birika la chai ya tangawizi, mtandio umeshuka hadi nyusi, macho chini. Nikamwamkia Mzee Kassim aliyekaa kwenye kiti, "Shikamoo baba," akaniitikia marahaba ya kina. Nikamwamkia Bi Saumu aliyekaa mkekani, akaniitikia akanishika mkono. Nikapiga magoti niweke birika. Na hapo ndipo macho yangu, ambayo hayakuwa na ruhusa ya kuinuka, yakainuka.

Wallahi, nilijiona mwenyewe pale katikati ya mkeka.

Shangazi alikuwa amepakua kaimati ndani ya nusu ya chini, kaimati za moto, zenye shira inayotiririka, na kwa kuwa nzi wa Mtongwe hawana adabu, alitafuta cha kufunikia akaiona nusu ya juu, akaona rangi ni moja, seti ni moja, akaifanya kawa. Tena kwa kuwa kaimati zilijaa, ile sehemu ya mviringo haikuweza kuingia ndani, akaigeuza ikaelekea juu. Kwa hiyo ilikuwa imekaa pale mbele ya wakwe, nyeupe, nono, imeelekea dari.

Birika nililiweka sijui vipi.

"Kawa hii," Bi Saumu akasema polepole, ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesoma saa, "imetiwa umbo gani hili?"

"Moyo!" shangazi akasema palepale. "Hamwoni? Ni moyo. Vyombo vya siku hizi vya maarusi vyote hufanywa moyo." Na kweli, ukiitazama kutoka alipokaa yeye, ukafinya jicho kidogo, ulikuwa moyo. Mie nilikuwa nimekaa upande wa pili.

"Hamadi aliniambia umenunua vyombo," Bi Saumu akanigeukia kwa furaha. "Nikasema kumbe mtoto anajiandaa. Ni vizuri sana mwanangu."

Nilisema nini? Nilisema, "Ee, mama." Ningesema nini tena, na shangazi ananikodolea macho?

Kawa ikafunuliwa, nikaikamata kwa kasi ya paka nikaitupa nyuma ya pazia, nikauambia moyo wangu tulia, iliyobaki inafanana na sahani, acha wale waende zao. Wakala. Bi Saumu akasema kaimati ni tamu. Mzee Kassim akala moja, akatafuna kwa kuifikiria, akasema, "Zina ladha fulani... ya zamani. Kama viatu vya skuli." Shangazi akasema ni iliki mpya.

Ningeponyoka hapo. Ila Mzee Kassim, mnaelewa, maisha yake ya kazi alikuwa bandarini, ghalani, akipokea mizigo, na kama walivyo wazee wengine wanaojua aina za tende, yeye hujua vyombo: hiki cha wapi, kile cha wapi, na hapendi kushindwa. Akaizungushia macho sahani yangu. Akaigonga ukingoni kwa kucha. Akakunja uso.

"Hiki si cha China."

"Si cha China kabisa!" shangazi akaitikia, utadhani alikuwako kikinunuliwa.

"Wala si cha Oman. Nyinyi kuleni mmalize, kikiwa kitupu nikigeuze nione chapa. Chapa haidanganyi."

Jamani. Nikazitazama kaimati, zilikuwa zimeshafika nusu. Nikaelewa kwamba maisha yangu sasa yako mikononi mwa kaimati, zikiwemo niko salama, zikiisha nimekwisha. Nikainuka nikakimbilia jikoni.

"Mama, kaimati zaidi."

"Zote zile wamekula?" Mama alishangaa, jasho linamtoka.

"Wamezipenda mno."

Nikarudi na bakuli nikaziongeza. Wakala kwa heshima. Zikipungua naongeza. Bi Saumu akasema mwanangu imetosha, nikasema kidogo tu mama, ya mwisho hii, nikamwekea mkononi. Mzee Kassim yeye hakusema imetosha, alikula kama mtu anayechimba kisima, macho kwenye sahani, anataka kufika chini. Shangazi akaanza kunifinya paja kwa siri, kwa sababu ilianza kuonekana kama nataka kuwaua wageni kwa sukari. Nikaenda jikoni mara nyingine, mama akanionyesha karai: mafuta matupu na matone ya unga yameungua.

Nilipotoka, Mzee Kassim alikuwa ameishika kaimati ya mwisho kwa mkono mmoja na sahani kwa mkono wa pili.

"Naipeleka kuoshwa, baba," nikasema nikaishika ukingo.

"Subiri mwanangu, nione kwanza."

"Ina shira, baba, itakuchafua kanzu."

"Kanzu hufuliwa."

Nikavuta. Naye akavuta. Kwa heshima, mjue, tukiwa tunatabasamu sote wawili. Na yale maneno ya Achieng ya kwamba plastiki haipendi joto niliyakumbuka wakati ule ule, kwa sababu ilikuwa imepigwa na shira ya moto muda wote huo na sasa ilikuwa imelegea, ikajikunja katikati yetu kama ngozi mbichi, ikateleza mikononi, ikaruka, ikaangukia mapajani mwa Bi Saumu. Kifudifudi. Maandishi juu.

Bi Saumu hakuwa na miwani. Akaiinua akampa shemeji yake. Na Mzee Kassim, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusoma maandishi ya makasha mbele ya makarani, akasoma herufi kwa herufi, akiunganisha polepole, akizidi kunyanyua sauti kwa furaha ya kuipata chapa:

"Ma... ta... ko. Ri-zi-ki. Chi-ni."

Nyumba ikanyamaza. Hata karai la jikoni likanyamaza.

Na shangazi yangu, Mungu amweke, mtu ambaye hajawahi kukubali kushindwa na ukimya, akasema, "Japani!"

"Nini?" Mzee Kassim akauliza.

"Matako. Ni kampuni ya Japani. Kubwa sana. Hutengeneza vyombo na redio."

Mzee akafikiri, kweli akafikiri, maskini. "Nimepokea mizigo ya Japani ujana wangu wote," akasema. "Matako sijapata kuiona."

"Ni mpya."

Nami nilikuwa natazama mkeka nikiomba hiyo kampuni ipewe uhai palepale, lakini Bi Saumu, ambaye mpaka wakati ule nilimdhania mpole tu, kumbe ni mpole na mwerevu, akanitazama usoni akauliza taratibu, "Na hiyo kampuni ya Japani, mwanangu, imelijuaje jina lako?"

Shangazi akafungua kinywa. Nikaona kabisa kwamba ana jibu. Na sijui nilipata wapi nguvu, labda ni kule kuona uongo mmoja mdogo umezaa kiwanda kizima huko Japani, nikasema, "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Hiyo... ni mimi. Nilikaa. Kwenye mchanga. Ni kalibu ya kiti, ya kukandamizia ngozi, ni kiti cha Hamadi, sikuwa na wa kumpima, nikajipima mwenyewe. Si sahani. Haijawahi kuwa sahani. Nisameheni."

Mzee Kassim aliitazama sahani. Akaitazama kaimati ya mwisho, ambayo ilikuwa bado mkononi mwake. Akaiweka chini ya kiti, pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Akasema astaghfirullah, akainuka, akasema anatoka nje kupunga hewa. Bi Saumu alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanamtetemeka, nikajua analia, nikaanza kulia na mimi. Na ndipo mama akachungulia kutoka jikoni na kibakuli, akasema kwa furaha, "Nimekwangua, zimepatikana tatu!"

Waliaga vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana watu wa kwetu wakikasirika huzidisha adabu. Walishukuru chakula, wakamwombea dua marehemu baba, wakaondoka bila kulitaja lile neno la ndiyo tulilokuwa tunalingojea. Siku hiyo ikapita, na iliyofuata, na hakuna simu. Kibandani vijana wa boda walikuwa wameshapata habari (msiniulize kwa nani, shangazi ana simu), na kila nikipita mmoja anaita, "Japani!" na mwenzake anaitikia, "Redio na vyombo!" Nikawa nafungua kibanda kwa kuchelewa na kukifunga mapema. Kuna wakati nilikaa ndani gizani nikaishika ile ngozi yenye mabonde mawili nikafikiria kuikatakata niifanye kamba za viatu.

Hamadi alikuja mwenyewe. Hakucheka. Alisimama mlangoni pa kibanda akaniuliza, "Kwa nini uliniambia vyombo?"

"Ningekwambiaje ukweli, Hamadi? Barabarani? Na wewe umebeba mfuko?"

"Mimi nilikwenda nikamwambia mama. Nilifurahi, nikadhani ni vyombo vyetu." Akaingia ndani. "Wewe ni fundi. Mshonaji huona haya kwa sababu amempima mtu kifua? Ungesema ni kipimo, ningesema haya, basi."

Nililia tena, safari hii kidogo, kisha nikaona kulia hakutashona kiti, nikaichukua ngozi nikaivika juu ya sponji la kiti chake mbele yake, nikaipigilia, nikaishona ukingo, yeye akinishikia uzi. Tulipomaliza alikaa juu yake. Akajisogeza mbele, akajisogeza nyuma, halafu uso wake ukalainika kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

"Basi?" nikamwuliza.

"Kiuno hakisemi kitu," akasema.

Ndipo akaniambia kwamba mamake hakuwa analia siku ile. Alicheka mpaka kwenye kivuko, akacheka mpaka nyumbani, na mpaka usiku akiamka alikuwa anasema "ya zamani" na kuanza upya. Aliyekuwa mgumu ni Mzee Kassim, na ugumu wake haukuwa wa makalio ya mtu. Alikuwa amekasirika kwamba alikaribia kuiamini Japani. Bi Saumu akamwachia siku zake apoe, kisha akamwuliza kama anataka mke wa Hamadi awe binti anayedanganya mpaka mwisho au binti anayesema "ni mimi" mbele ya wakwe. Mzee akasema atafikiri. Alipokwisha kufikiri walikuja na posa, na safari hiyo hatukuandaa kitu cha shira. Aliletewa tambi kwenye sahani ya maua tuliyo nayo nyumbani tangu nikiwa mdogo, na kabla ya kugusa chochote aliinyanyua, akaichungulia chini, akatikisa kichwa kuridhika, akala.

Mie nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: kalibu zangu zote hulala kibandani chini ya kufuli, hata zikinuka, Achieng nimemkataza herufi, anaandika namba tu, na nikibanwa na swali nanyamaza, maana neno la kukwepa aibu ndogo ndilo lililonipeleka kwenye aibu kubwa, tena kwa pikipiki. Na kama mwajiuliza kwa nini nimeyasimulia haya mwenyewe, ni kwa sababu msiposikia kwangu mtasikia kwa shangazi, na kwa shangazi mimi nilizimia, na Mzee Kassim alitapika. Sikuzimia. Naye hakutapika, alikwenda nje kupunga hewa tu.